Barua kwa Kabula: majani mengi, viazi hakuna

Sengerema, mwishoni mwa Septemba

Mwanangu Kabula,

Huku hatujambo. Mguu wa baba yako umepata nafuu, ameanza kwenda kwenye ng'ombe wake bila fimbo. Picha zako nimeziona na swali lako nimelisoma: "Mama, majani ya viazi vitamu yamefika dirishani, lakini nimefukua shina nikakuta vimizizi kama vidole vya mtoto. Huu mwezi wa nne tangu nipande. Nimekosea wapi?" Kwa simu tungeishia kucheka tu na salio likaisha, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Kucheka kwenyewe nimeshacheka, usinune. Katika picha ya tatu nimeona mifuko mitatu ya samadi ya kuku imeegemea ukuta, mitupu. Yote umeimwaga kwenye kieneo cha hatua kumi kwa sita? Samadi ya kuku ni kali, ina naitrojeni nyingi, na kazi ya naitrojeni ni majani. Mchicha ungekushukuru. Mahindi yangekushukuru. Lakini kile kiazi tunachokula ndiyo ghala la mmea, anapoweka akiba ya siku mbaya. Wewe umempa chakula cha kumwaga, na bomba unamfungulia kila jioni. Siku mbaya ataijulia wapi? Anatambaa tu. Unalikumbuka shamba letu la juu, lile la kichanga ambalo babu yako alisema halifai hata kwa mtama? Viazi vya pale ulivibeba mwenyewe kichwani ukilalamika njia nzima kwamba shingo inaingia ndani.

Halafu marando, yaani vile vipande vya shina vya kupanda, uliyatoa wapi? Mama mdogo ananiambia ulinunua fungu la matembele gengeni, ukala majani, ukachomeka vikonyo. Mwanangu, matembele mengi ya huko Dar ni ya mboga. Watu wameyachagua kwa ajili ya jani, kiazi chake ukikipata ni bahati. Na kama kila siku unachuma mboga kwenye shina hilohilo, hata hicho kidogo unakinyima chakula, maana jani ndilo linalokilisha kiazi. Tenga mashina machache ya mboga pembeni, mengine yaache.

Ule mwembe unaovitia kivuli nao sijaupenda. Viazi vitamu vinataka jua la kutosha.

Basi fanya hivi. Hapo ulipomwaga samadi ng'oa, panda mahindi yaile hiyo mbolea. Viazi vihamishie upande wa geti, kwenye jua na mchanga. Usipande kwenye ardhi tambarare kama ulivyofanya. Inua matuta, yafike magotini, udongo uwe tifutifu ili kiazi kikitanuka kisigombane na ardhi. Kutoka tuta hadi tuta acha mita moja. Rando hadi rando, sentimita 30, yaani rula yako ya shule. Urefu wa rando lenyewe pia ni rula hiyohiyo. Lilaze mshazari, vifundo vitatu au vinne viingie ardhini, kwa sababu mizizi inachipua kwenye vifundo. Ncha ibaki nje. Mbolea yako iwe majivu ya jikoni, mkono mmoja kwa kila hatua ya tuta, basi.

Maji utampa wiki mbili tatu za mwanzo mpaka ashike, halafu umwachie mvua. Magugu yang'oe mapema, kabla marando hayajafunika tuta. Yakishafunika yatajipalilia yenyewe. Ukiona yanatambaa na kutia mizizi njiani, yanyanyue uyarudishe juu ya tuta.

Sasa kuna jambo moja ambalo sitaki ulijifunze kwa machozi kama mimi. Mwaka uliomaliza darasa la saba tulipata viazi vizuri mno. Bei ya mjini Mwanza ilikuwa chini, nikasema vikae ardhini, ghala gani linashinda udongo? Nikawa nachimba vya kula tu, kidogo kidogo. Kiangazi kikakaza, ardhi ikapasuka nyufa za kuingiza kidole. Nilipokwenda na wachimbaji mwezi wa nane, kiazi cha kwanza nilichokata kilikuwa na vijitundu vyeusi mpaka katikati na harufu kama ya dawa. Fukusi. Ni kadudu keusi kenye mdomo mrefu, ukikatazama haraka utadhani sisimizi. Hakawezi kuchimba chini. Kanapita kwenye ufa, au kanataga mayai chini ya shina. Kiazi kikishaguswa kinakuwa kichungu, uchemshe usichemshe. Magunia manne tuliyamwaga, na baba yako hakunisemesha siku mbili.

Kwa hiyo kila uonapo ufa kwenye tuta, uzibe kwa jembe. Viazi vikikomaa, vitoe. Utajuaje? Ardhi ya kwenye shina itaanza kujaa na kupasuka. Fukua kimoja, ukikate, usubiri kidogo: utomvu ukikauka ukabaki mweupe, vimekomaa, ukigeuka mweusi, rudisha udongo. Kwa aina nitakazokupa, hesabu miezi minne hadi mitano. Usivioshe kama unataka kuviweka, na vilivyokatwa na jembe uvile kwanza.

Vikizidi, usivigawe vyote kwa majirani kwa sababu ya aibu. Vimenye, vikate vyembamba, vianike juani vikauke mpaka vilie kama vigae: hiyo ndiyo michembe, uliyokuwa ukiiba kwenye kapu na kuitia mfukoni mwa sare. Ukivichemsha kwanza ndipo ukate na kuanika, unapata matobolwa, ya kunywea chai. Jua la Dar sina uhakika nalo, lina unyevu, jioni yaingize ndani.

Marando nitakutumia mimi. Nimeyatunza kule bondeni kiangazi chote, maana mvua ikianza kila mtu anayatafuta na hakuna anayo. Nitakuchanganyia aina mbili: cheupe chenye unga, kile anachopenda baba yako, na viazi lishe, vile vya rangi ya karoti vyenye vitamini A, kwa ajili ya mjukuu wangu. Nitakata ncha tu, kwa sababu chini ya shina ndiko fukusi anakotaga, na shina lenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano siligusi, huo ni ugonjwa na ungeupanda pamoja na mbegu.

Andaa matuta sasa. Mvua ikinyesha kwenu mara mbili, nipigie. Nitakata alfajiri, nifunge kwenye gunia bichi, nimpe kondakta. Ukayapokee stendi ya Mbezi, uyasimamishe kivulini, uyapande jioni. Na gunia ulirudishe, ni la jirani.

Mama yako