Nimonia ya baba yako na mguu wake

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Uliniuliza kwenye simu: baba ameugua nimonia, ugonjwa wa kifua, imekuwaje damu igande mguuni? Salio likakata, na hili nataka ulielewe vizuri.

Siku ya tisa akiwa kitandani nilimvua soksi, nikaona ya kushoto imeacha alama nzito. Nikachukua futi kamba yangu ya kushonea, nikapima mashavu ya miguu. Kulia sentimita 35, kushoto 39. Shangazi yako alishapasha mawese amkande. Nikamshika mkono. Bonge la damu likikandwa laweza kung'oka, likapita kwenye moyo na kuziba mshipa wa mapafu. Tukamkimbiza hospitali, ultrasaundi ikalionyesha bonge lenyewe.

Daktari alinieleza kwamba mwili ukipigana na vijidudu huzuka mchochota, ule moto na maumivu. Sisi tunadhani uko kifuani tu, kumbe kemikali zake huzunguka na damu mwili mzima. Ini huongeza protini za kugandisha damu. Ukuta wa ndani wa mshipa, ambao siku zote ni laini, huanza kunata. Chembe nyeupe nazo hutupa nyuzi kama nyavu ili kunasa vijidudu, na nyavu haichagui, mwanangu: hunasa na chembe nyingine za damu, bonge likaanza hapo. Mwili unajilinda, unawafungia vijidudu njia. Ndiyo maana hata wagonjwa wengi wa UVIKO-19 waliolazwa walipata mabonge.

Kulala nako kukaongeza. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya kupandisha damu juu, na ya baba yako ilikaa siku tisa bila kazi. Kisha bonge lenyewe huchokoza mshipa, mchochota mwingine unaanza palepale. Kwa hiyo mguu ulikuwa wa moto ukiugusa.

Sasa anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na damu yake inapimwa mara kwa mara. Kisamvu na mchicha anakula, ila kwa kiasi kilekile kila wiki, maana majani hayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Zile diklofenaki ulizokuwa ukimtumia za mgongo, tafadhali usitume tena: zikikutana na wafarini anaweza kuvuja damu tumboni.

Jana jioni nimempima tena, 35 kwa 36. Ameswali magharibi msikitini, akarudi kwa miguu yake.

Mama yako