Jibu: Taytu alikuwa na kazi gani vitani Adwa?

Ndugu, umeuliza kama Malkia Taytu Betul, mke wa Menelik II, mfalme wa Ethiopia, alikwenda vitani Adwa 1896, Ethiopia ilipopigana na Italia, kupika tu. Hapana. Alikuwa na jeshi lake mwenyewe, la bunduki na farasi, likipokea amri zake.

Kazi yake kubwa ilikuwa Mekelle, mji wa kaskazini mwa Ethiopia, Januari mwaka huo, wiki kadhaa kabla ya Adwa. Waitalia wa Meja Galliano walijifungia ngomeni, na kila shambulio la moja kwa moja liliua Waethiopia wengi bure. Kosa la ngome lilikuwa moja: chemchemi zilikuwa nje ya kuta. Taytu akashauri zishikwe, akatuma watu wake wakazilinda usiku na mchana. Maji ya akiba yakapimwa kwa vikombe, wanyama wakaanza kufa, na baada ya wiki mbili hivi Galliano akasalimu amri. Menelik alimwachia aondoke na watu wake (huruma ya ajabu, kwa maoni yangu), lakini Galliano akauawa baadaye Adwa.

Adwa kwenyewe, Machi 1, wanawake wa kambi aliwapanga kupeleka maji kwa wapiganaji na kuhudumia majeruhi. Kumbuka pia Taytu aliupinga Mkataba wa Wuchale wa 1889, kati ya Ethiopia na Italia, kabla risasi hazijalia.