Chaja ya gari inamaliza betri ya sola kabla ya saa tatu usiku. Niongeze betri?

SWALI: Naishi Kitengela. Nina paneli za kilowati 6, inverta ya haibridi ya Deye ya kilowati 8, na betri mbili za lithiamu za kWh 5.12 kila moja. Nimenunua Nissan Leaf ya kWh 40 kutoka Japani, na chaja yake ya ampea 16 imefungwa kwenye boksi la breka linalolishwa na inverta. Nikirudi kazini saa moja jioni naichomeka. Ikifika saa tatu betri iko asilimia 20, na stima ikipotea baada ya hapo nyumba nzima inakuwa giza. Fundi anasema niongeze betri ya tatu. Gari hukaa nyumbani siku tatu kwa wiki, na kwa siku natembea kama kilomita 60. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue betri ya tatu. Itakuongezea kama saa moja tu ya kuchaji, kisha utarudi palepale ulipo. Kinachokusumbua ni mahali waya wa chaja ulipofungwa.

Piga hesabu. Gari linavuta kama kW 3.3 na nyumba jioni inatumia nusu kilowati au zaidi kidogo. Jumlisha na kinachopotea ndani ya inverta, betri inatoa karibu kW 4.2. Kutoka asilimia 95 hadi 20 una yuniti (yaani kWh) 7.7, ambazo kwa mwendo huo zinaisha kwa saa moja na dakika hamsini. Betri ya gari ni karibu mara nne ya betri zako zote mbili; haiwezekani ndogo imshibishe mkubwa. Tena umeme uliohifadhiwa ukutani kisha ukahamishiwa gari umepotea kidogo njiani mara mbili, ukiingia betri na ukitoka, kwa hiyo hata ukitosha, hiyo ndiyo njia ghali kuliko zote ya kutumia jua lako.

Inverta ya aina yako ina sehemu mbili kuu za kufungia mzigo. Upande wa LOAD ni wa vitu ambavyo havifai kuzimika: taa, friji, ruta, pampu. Upande wa GRID ni ule unaotoka kwenye mita. Chaja yako iko LOAD, na inverta inailinda kama inavyolinda friji, hata stima ikiwa imepotea. Ihamishie upande wa GRID, kwenye boksi la kwanza baada ya mita, na breka yake yenyewe. Shawa ya moto ya umeme nayo mahali pake ni huko huko, kama bado haipo.

Sasa angalia klampu ya CT, ile pete ndogo inayoipa inverta habari za umeme unaotoka kwa mita. Iwe kati ya mita na tawi la chaja. Ikikaa hapo, inverta inauona mzigo wa gari na inaweza kuulisha kwa jua kupitia GRID. Ikikaa baada ya tawi la chaja, inverta haitajua kama gari lipo, nalo litatumia stima ya gridi peke yake mchana na usiku. Mpangilio huo wa pili unamfaa mtu ambaye gari lake haliko nyumbani mchana kamwe. Wewe una siku tatu za jua, usizitupe. Pete izunguke waya laivu tu; ikizunguka laivu na nyutro pamoja itasoma sifuri, kwa sababu mikondo miwili inafutana.

Kwenye inverta chagua "Zero Export to CT" (umeme usitoke nje kupita CT) na uwashe "Time of Use" (ratiba ya saa). Hapo utaona vipindi sita, kila kimoja na kiwango cha betri. Kiwango hicho ni sakafu: betri ikifika hapo inaacha kutoa, gridi inachukua kazi. Kwa nyumba yako ningeanza hivi: 09:00 hadi 17:00 asilimia 85, 17:00 hadi 23:00 asilimia 50, 23:00 hadi 05:00 asilimia 60, 05:00 hadi 09:00 asilimia 30. Vipindi vinavyobaki vigawe ndani ya hivyo hivyo. Usiweke alama kwenye kisanduku cha "Grid" kando ya kipindi, maana kitaifanya inverta ichaji betri kwa stima unayonunua. Na ile "Zero-export power" iwe kati ya wati 20 na 100, ili uwe unavuta kidogo kutoka kwa gridi muda wote. Zipo mita za tokeni ambazo umeme ukirudi nyuma huuhesabu kama uliotumika, nawe unalipia jua lako mwenyewe.

Sakafu hizi zinafanya kazi gridi ikiwepo. Stima ikipotea inverta hushuka mpaka kiwango cha kuzima, lolote uliloandika. Ndiyo sababu waya lazima uhamishwe kwanza: mipangilio peke yake, chaja ikiwa bado LOAD, haitakuokoa siku ya giza. Ikiwa GRID, stima ikipotea chaja inakufa papo hapo na betri inabaki ya nyumba.

Siku gari liko nyumbani, chaji kwa ampea 10 kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Hiyo ni kW 2.4 kwa volti 240, yuniti 12 kwa saa tano, na ukitoa zinazopotea gari linapata kiasi cha kutosha kilomita 60 na kitu. Watu wengi hutaka kuanza asubuhi na mapema, jua likichomoza. Wakifanya hivyo gari linameza kila kinachotoka kwenye paneli, na jioni betri ya nyumba haijajaa; hukuimaliza, lakini pia hukuijaza. Iache ipande hadi asilimia 85 au zaidi, ndipo saa ya gari (taima yake ya kuchaji) iwashe. Wingu likipita saa saba mchana, paneli zinashuka kutoka kW 4 hadi chini ya 1, betri inaziba pengo mpaka 85, kisha gridi. Hilo haliiumizi betri.

Mwezi wa saba, Nairobi na viunga vyake vikiwa na mawingu siku nzima, punguza hadi ampea 8. Chini ya ampea 6 gari halichaji kabisa, ndicho kiwango cha chini cha kanuni za kimataifa, na hata kwenye 6 vifaa vya ndani ya gari vinakula sehemu kubwa ya kile kidogo kinachoingia. Kwa hiyo 8 au 10 ni bora kuliko 6.

Siku unazoenda kazini, weka saa ya gari ianze saa tano usiku. Sakafu ya asilimia 60 itaizuia betri, na gari na nyumba vitatumia gridi hadi alfajiri. Ukiona yuniti za usiku zimekuwa nyingi, ulizia Kenya Power kuhusu bei ya magari ya umeme iliyoidhinishwa na EPRA, mdhibiti wa nishati, mwaka 2023: wakati huo ilikuwa Sh16 kwa yuniti, na Sh8 saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo. Inataka mita yake.

Kama huna budi kuchaji hata stima ikiwa imepotea, inverta yako inaweza kutumia mdomo wa GEN, ule wa jenereta, kama "Smart Load" (mzigo unaowashwa umeme ukizidi). Weka uwashe betri ikifika 98 na paneli zikitoa zaidi ya wati 3000, uzime ikishuka hadi 85. Pengo kati ya namba hizo liwe kubwa, la sivyo swichi itawaka na kuzima kila wingu likipita, na baadhi ya magari hayaanzi tena yenyewe yakikatwa hivyo. Mdomo huo hauwezi kubeba jenereta na chaja kwa pamoja. Kuna jambo jingine linalowashangaza mafundi: chaja nyingi zikikosa gridi hukataa zikidai hakuna eathi, ilhali eathi ipo. Kinachokosekana ni muunganisho wa nyutro na eathi upande wa inverta. Usiunganishe ovyo, inverta ina mpangilio na rilei ya kazi hiyo.

Chaja zinazofuata jua kwa CT zake zenyewe hazitakufaa bila marekebisho. Mfumo wako hautoi umeme nje, inverta hubana paneli mapema, hivyo chaja hiyo haioni ziada yoyote ya kufuata.

Kuhusu waya: kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32 zitakutosha hata ukinunua chaja ya kW 7 baadaye. Weka RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya aina A pale ambapo chaja ina ulinzi wa mkondo wa DC wa milliampea 6 ndani yake. Kama haina, aina B. Soketi ya kawaida ya ampea 13 usiivushe ampea 10, kwa sababu mzigo wa saa tano mfululizo unayeyusha pini. Kebo iliyokuja na gari kama imeandikwa volti 200 tu, iache, tafuta ya volti 240 yenye plagi ya aina ya 1. Kazi ya boksi la mita ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA.

Kabla fundi hajaondoka, mwambie azime swichi kuu gari likiwa linachaji: chaja izimike, taa za ndani zibaki. Kisha awashe, gari lianze kuchaji huku betri ikiwa kwenye sakafu yake. Kama gari liko kwenye ampea 10 na paneli hazitoi kitu wakati huo, namba ya CT kwenye skrini ipande kwa kama kW 2.4 na ya betri ikae karibu na sifuri. Namba ya CT ikienda hasi, pete imevishwa kinyume. Aigeuze na mrudie jaribio.