Cheti cha kutunza wanyama: kimetambuliwa na nani?

Umeuliza kama cheti cha kozi ya mtandaoni ya kutunza wanyama kitakupa kazi kliniki. Inategemea kazi yenyewe, ndugu. Kuogesha mbwa au kusafisha mabanda, mwajiri ataangalia zaidi unavyomshika mnyama. Unesi wa mifugo ni habari nyingine: Uingereza, kwa mfano, bila sifa iliyoidhinishwa na RCVS, chuo cha kifalme kinachosimamia madaktari na wanesi wa mifugo, hutasajiliwa.

Neno "imeidhinishwa" kwenye tangazo lisikubabaishe. Uliza na nani. Wengine wanaidhinishwa na kampuni yao wenyewe, kweli tena! Sifa inayodhibitiwa na Ofqual, mamlaka ya England inayosimamia sifa na mitihani, huwa na namba yenye mikwaju (/) miwili. Itafute kwenye rejesta yao, ni bure. Ikikosekana, usilipe kwanza. Na ulizia saa za mazoezi na wanyama hai.