Maji ya bomba Punta Cana: tafadhali soma kabla hujamkorogea mtoto maziwa

Dada yangu, usimpe mtoto huyo maji ya bomba. Umeuliza mambo matatu: kama maji ya bomba ya Punta Cana, mji wa watalii huko Karibea, yanafaa kunywa, kama ni heri kupanga nyumba au kukaa hotelini, na ni bima gani ya safari inayoifaa familia ya watu wanne. Mimi nitajibu hilo la maji tu. Ndugu aliyenitangulia kukujibu amesema kwamba alikaa Barbados wiki mbili akinywa maji ya bomba bila tatizo lolote, na kwa hiyo Karibea maji ni salama. Maneno hayohayo ndiyo yaliyomlaza mwanangu kitandani mwaka 2019, nami siwezi kuyasoma hapa nikanyamaza.

Barbados haina kosa. Maji ya kule hutoka chini ya ardhi, yakiwa yamechujwa na miamba ya chokaa ya matumbawe, kisha hutiwa dawa, na wenyeji huyanywa. Hata mimi niliyanywa. Aruba na Curaçao husafisha maji ya bahari kwa kuyaondoa chumvi, na maji yao ni mazuri. Lakini Karibea si mtaa mmoja unaotumia bomba moja. Punta Cana iko Jamhuri ya Dominika, nchi inayogawana kisiwa cha Hispaniola na Haiti (wala si Dominica, ambayo ni nchi nyingine kabisa), na huko wenyeji kwa kawaida hawanywi maji ya bomba. Hununua maji ya mtungi, ule mkubwa wa galoni 5, yaani takriban lita 19, ambao wao huuita botellón.

Aliyenipotosha mimi ni wakala wa safari. Nilimuuliza waziwazi, mtoto wa miezi 14 akiwa mapajani mwangu, naye akanijibu kwamba maeneo yote ya watalii yana maji yaliyosafishwa na kwamba kuchemsha ni kujisumbua bure. Hadi leo nina hasira naye. Kutojua si kosa, na angesema hajui ningemshukuru. Lakini alijibu kwa uhakika jambo ambalo hakuwahi kulichunguza, huku akimwona mtoto atakayeyanywa maji hayo.

Tulipanga nyumba. Siku mbili za kwanza tulinunua maji ya chupa dukani, na laiti tungeendelea hivyo. Usiku wa tatu chupa zikaisha, mtoto akaamka analia, nami nikafungua bomba la jikoni, nikayapasha maji yakawa ya vuguvugu tu, nikakoroga maziwa ya unga. Nilifanya hivyo mimi niliyezaliwa Tanga, mtoto wa mama ambaye hakuwahi kumpa mtoto maji ambayo hayajatokota, awe wake au wa jirani. Maji yale yalikuwa maangavu, hayakuwa na harufu, na jiko lile lilikuwa zuri kuliko jiko langu la Toronto. Nikayaamini maji kwa sababu ya uzuri wa jiko, maneno ya wakala yakiwa bado masikioni. Asubuhi mtoto alipoamka mzima nikaona kweli wakala alikuwa anajua, kwa hiyo nikaendelea kutumia bomba lile siku mbili nzima, kwa maziwa, kwa kusuuzia chupa zake na kwa kugandishia barafu.

Alfajiri ya siku ya sita alianza kuharisha na kutapika. Kufikia saa tisa mchana alikuwa analia bila machozi, nepi aliyovalishwa asubuhi ilikuwa bado kavu, na macho yalikuwa yamebonyea ndani. Hizo ni dalili za mtoto anayeishiwa maji mwilini, na ukiziona usisubiri kupambazuke. Zahanati binafsi tuliyokimbilia ilidai malipo kwanza ndipo wamguse. Alilazwa siku tatu akiwa na dripu, ndege ya kurudi ikatuacha, tukakata tiketi mpya, na gharama zote zikazidi dola 4,000 za Kanada. Deni hilo tulilimaliza. Kisichokwisha ni ile picha ya muuguzi akiutafuta mshipa kwenye mkono mdogo kiasi kile, mara nne, nami nimeambiwa nimshike asijitikise.

Daktari ndiye aliyenieleza. Maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa yametiwa dawa vizuri, lakini hayatoki saa zote. Bomba likikosa msukumo, uchafu wa nje hupenya kwenye nyufa, halafu maji hayo hupandishwa kwenye tangi la juu ya paa, wanaloliita tinaco, na kukaa humo. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za matangi tunajua kinachotuama chini ya tangi lisilosafishwa. Mume wangu alipanda kwenye paa siku tuliyorudi kufungasha mizigo, akakuta mfuniko umepasuka.

Sasa nikuambie kinachoniuma zaidi. Mama aliyekuja kutusafishia nyumba kila asubuhi alikuja na chupa yake ya maji. Alisimama jikoni mle, bomba likiwa mbele yake, akanywa maji aliyoyabeba kutoka kwake. Nilimwona siku zote zile na sikumuuliza.

Kwa hiyo usimuulize mtu yeyote kama maji ni salama, kwa kuwa kila mwenye nyumba na kila mwenye hoteli atakuambia ni salama. Muulize hivi: mtoto wake yeye anakunywa maji gani? Akisema wananunua ya mtungi, bomba hilo ni la kuogea tu. Muulize mwenye nyumba, muulize mhudumu wa mezani, muulize dereva atakayewapokea uwanja wa ndege. Uliza hata ukienda mahali panaposifiwa, maana mwaka 2017, baada ya kimbunga Maria, watu wengi wa Puerto Rico walikaa wiki nyingi bila maji ya bomba, wengine wakachota vijitoni.

Barafu nayo ni maji, na kuganda hakuui vijidudu, wala pombe kwenye glasi haiviui. Ukilazimika kutumia maji ya bomba kwa mtoto, yaache yatokote kwa nguvu dakika moja nzima kisha yapoe yenyewe; kupasha si kuchemsha. Beba kutoka nyumbani pakiti kadhaa za dawa ya kuongeza maji mwilini, ile ya chumvi na sukari. Mkifika, kabla hamjafungua masanduku, nunueni mtungi mmoja mkubwa, na chupa moja iwekwe bafuni kando ya miswaki, nyingine kando ya kitanda cha mtoto, kwa sababu saa nane za usiku mtoto akilia mkono huenda bombani wenyewe.