Andika tu kwamba hukuichagua

Ilula, Kilolo

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema idara yenu imewatangaza wanafunzi bora wa mwaka wa tatu, nawe umo, na kila mmoja ametakiwa aandike aya moja ya kueleza kwa nini alichagua sosholojia. Wenzako wameshaandika kwamba tangu utotoni walipenda kusaidia jamii. Wewe unaniuliza: "Mama, niandike nini, wakati mimi sikuichagua?"

Kwanza hongera. Baba yako kwangu kanyamaza kama kawaida yake, lakini asubuhi nimemsikia akimsimulia fundi baiskeli habari zako kwa sauti ya kufika barabara kuu.

Andika hivyohivyo, kwamba hukuichagua. Uliomba sheria, ukaikosa, na sosholojia uliyoijaza chini ya fomu ndiyo iliyokupokea. Nimesahihisha insha miaka mingi, na hiyo sentensi ya kupenda kusaidia jamii tangu utotoni naijua vizuri: huiandika anayetaka unesi, anayetaka upolisi, na siku hizi hata anayetaka udiwani. Ukiziba jina la kozi, hujui mwandishi anasoma nini. Tena yuko mtoto wa kidato cha sita atakayeisoma aya yako baada ya kukosa kozi aliyoililia, akadhani ni yeye tu duniani aliyeangukia asikotaka.

Nadhani kinachofaa kuelezwa ni kwa nini ulibaki. Mwaka wa kwanza ulitaka kuhama. Ulinipigia ukilalamika kwamba mnakaririshwa Wafaransa waliokufa, Comte na Durkheim, wala hakuna anayewaambia mtapata kazi gani. Kilichokugeuza ni fildi ya mwaka wa pili, na mimi nilikuwepo, kwa kuwa ulilala nyumbani ukala ugali wangu.

Ulipewa kijiji cha wilaya hiihii, uulize habari za ulishaji wa watoto. Takwimu ulizijua: utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Njombe majirani zetu nao wako asilimia 50.4. Ndiyo hii mikoa inayolisha wenzake mahindi na viazi! Mwanzoni ulirudi jioni umewakasirikia akina mama. Wanauza mayai yote, ulisema, wanauza maziwa, mtoto anabaki na uji mweupe.

Baadaye maswali yako yakabadilika. Ukaanza kuuliza fedha ya mahindi anaishika nani. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja anatoka saa ngapi msimu wa kupanda, na anarudi saa ngapi. Mchana mtoto anakula kwa mkono wa nani. Ukakuta analishwa na dada yake ambaye naye bado anang'oka meno ya utoto, uji uliopikwa alfajiri. Ukakuta pia mama yule somo la lishe analijua. Zile siku 1,000 za kwanza tangu mimba ameshahubiriwa kliniki mpaka anaweza kukuhubiria wewe. Alichokosa ni mikono ya kumsaidia, na kauli wakati gunia linapouzwa.

Daftari lako uliloliacha hapa nimelisoma, usinune. Mmenukuu mwanasosholojia mmoja wa Marekani, C. Wright Mills, aliyeandika mwaka 1959 kwamba katika mji wa watu 100,000 akikosa kazi mtu mmoja, hiyo ni shida yake, mchunguze yeye. Lakini wakikosa watu milioni 15 katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, kumchunguza mmojammoja hakutakupa jibu. Pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu: "Udumavu Iringa!" Aya yako ianzie hapo. Hiyo kalamu nyekundu hakuna mwenzako aliye nayo.

Na lile la mezani, unalikumbuka? Uliuliza kwa nini wasichana wa kazi Dar wanatafutwa sana kutoka kwetu Iringa. Baba yako akajibu, "Kwa sababu ni wachapakazi," ukakasirika chakula kizima. Ukasema binti ambaye angebaki na mtoto mchana wakati mama yuko shambani, ndiye huyo yuko Dar analea mtoto wa mwingine. Mimi nimefundisha mabinti hao, nimewaona wakiondoka, na mambo hayo mawili sikuwahi kuyaunganisha. Baba yako naye hakuwa na jibu, akaomba chumvi.

Babu yako wa Tukuyu angefurahi. Yeye aliwahi kuishi katika vile vijiji vya rika, wavulana wanajenga vibanda vyao kando, wanakwenda kula kwa mama zao. Kati ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa hukohuko Rungwe wakiwachunguza Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kizima juu ya vijiji hivyo. Kazi nzuri, sikatai. Ila waulizaji walikuwa wageni. Wewe uliuliza kwa Kihehe, na bibi mmoja akakukatiza akuulize kwanza wewe ni wa ukoo gani.

Kuhusu hiyo tuzo nina neno dogo. Wamewapanga kwa GPA, na yako imevuka 4.4, daraja la kwanza, sawa. Lakini ulirudi kijijini kuwasomea akina mama ulichokiandika juu yao, nao wakakubishia sehemu mbili, ukasahihisha. Hilo halikuwa na maksi. Liweke kwenye aya, hata kama itabidi ufute jina la Durkheim.

Ajira tutaizungumza ukija. Nafasi za maafisa maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii hutangazwa, lakini waombaji ni wengi, kwa hiyo vyeti vyako viweke tayari sasa. Shangazi yako anawaambia watu kanisani kwamba unasomea udaktari wa jamii. Nimemwacha.

Nauli ya mahafali nitatuma vitunguu vikishauzwa. Bei wiki hii ni ya kusikitisha. Na tafadhali, tarehe ya sherehe usimtajie shangazi mapema. Atakodi Coaster.

Mama yako