Muulize Fundi: Mizimu iliyogeuka uji

SWALI: Fundi, salamu. Nasimamia mkahawa wenye bustani huku Muyenga, Kampala. Kila tarehe 31 Oktoba tunafanya usiku wa Halloween. Mwaka jana tulihangaika wiki mbili tukitengeneza mizimu mitatu na maboga kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano. Saa tisa alasiri mvua ikashuka. Wageni wa kwanza walipofika walikuta waya zimesimama na uji chini yake. Mwaka huu bosi anataka vitu vya kukaa nje miaka. Naanzia wapi? (Mama wa mkahawa, Muyenga)

JIBU: Pole sana, nyabo, ingawa nimecheka kidogo. Oktoba kwetu ni mvua, hilo linajulikana, na karatasi yenye unga ni chakula. Maji yakiikosa, mchwa wataila, na mbuzi wa jirani atamalizia. Najua utaniambia mngepaka vanishi. Vanishi ingewapa labda siku tatu, kwa sababu maji hayaji kutoka juu tu. Hupanda kutoka ardhini, hupenya kwenye kila tundu la waya, na yakishaingia vanishi hiyohiyo inayazuia yasitoke.

Mimi ni mtu wa saruji. Nimefinyanga simba na korongo wa malango ya watu tangu 1994. Simba wangu wa kwanza alifanana na mbuzi mwenye jino bovu, lakini bado yupo Bombo kwa shemeji yangu, na watoto wa mtaa wamempanda mgongoni hadi amekuwa laini kama sabuni.

Kwa mzimu, tafuta gunia kuukuu la kahawa, lile la nyuzi za mmea. La nailoni saruji hailishiki. Lifue, maana vumbi nalo linazuia kushikana. Kunja nondo ya milimita 8 iwe uti wa mgongo na mabega, uache nusu mita ya kuchimbia chini. Usitumie mti kwa mguu, mchwa wa huku hawana subira. Zungushia wavu wa kuku, ufunge kwa waya wa kufungia nondo, na kichwani ujaze kaveera, ile mifuko ya plastiki, zilizosokotwa. Angalau hapo kaveera zitafanya kazi ya maana.

Chekecha mchanga wa ziwa. Changanya kipimo kimoja cha saruji na kimoja cha mchanga, ukiongeza maji kidogo kidogo hadi upate uji mzito. Vaa glavu, saruji mbichi inaunguza ngozi polepole na utajua usiku. Loweka gunia kwa maji safi kwanza, likamue, ndipo ulichovye. Gunia likiingia kavu litanyonya maji ya saruji na utabaki na ngozi inayopukutika ukiigusa. Livishe fremu, panga mikunjo kwa vidole, kisha ondoka. Wengi huharibu hapa, wanarudi kila nusu saa kurekebisha pua. Kesho yake paka mkono wa pili kwa brashi, safari hii saruji moja kwa mchanga mbili.

Sasa sehemu ambayo vijana wangu hawaipendi. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, inakuwa ngumu kwa kunywa maji. Weka mzimu kivulini, ufunike kwa kaveera, uulowanishe asubuhi na jioni kwa siku 7. Ukiuacha juani siku ya kwanza utapata nyufa, na nyufa ni mlango wa mvua. Rangi ngoja hadi siku ya 28, na iwe rangi ya maji ya kuta za nje. Ya mafuta juu ya saruji changa inababuka. Hesabu mwenyewe: ukitaka kuwa tayari tarehe 31 Oktoba, anza mapema Septemba. Usianze tarehe 20 halafu unipigie simu.

Kama hutaki kupaka kabisa, nunua oksaidi, ule unga wa rangi wanaotia kwenye sakafu, uichanganye ndani ya saruji ikiwa bado kavu. Nusu kilo kwa kilo 10 za saruji yatosha. Nyeusi na nyekundu hazipauki kwa jua letu kama rangi za kopo.

Maboga ndiyo rahisi zaidi. Weka stokingi ya zamani ndani ya beseni, ijaze saruji na mchanga, ifunge juu. Kisha uizungushie vipande vya tyubu ya baiskeli, ukikaza ili mistari ya boga itokee. Asubuhi, kabla haijawa jiwe, bandua stokingi na uchonge macho kwa kisu kikuukuu. (Ireland walikokuwa wakichonga sura hizi zamani walitumia tanipu, mzizi mnene wa kuliwa; boga ni mambo ya Marekani. Boga halisi mimi singelichonga. Siwezi kueleza mama yangu kwa nini chakula kimetobolewa macho.) Ukitaka taa ndani, weka mpira wa plastiki katikati uutoe baadaye, na utumie taa ndogo ya sola badala ya mshumaa.

Mawili ya mwisho. Kila kitu chenye uwazi ndani kitobolewe chini, kwani maji yakituama wiki moja au mbili umefuga mbu. Na upime uzito: mita moja ya mraba ya saruji yenye unene wa sentimita moja inakaribia kilo 20. Hoteli moja iliwahi kuniagiza popo wa kuning'inia juu ya meza. Nilikataa. Wakampata mwingine wa kukubali, na popo akashuka usiku wa pili, nashukuru wageni walikuwa wameshaondoka.

SWALI: Nilichonga fuvu kubwa kwa ile foamu nyeupe inayokuja na friji. Nilipolipulizia rangi ya kopo likaanza kuliwa lenyewe, macho yakawa mashimo makubwa. Rangi ilikuwa mbovu? (Mwanafunzi, Jinja)

JIBU: Rangi ilikuwa nzima. Dawa inayoyeyusha rangi ndani ya kopo huyeyusha pia foamu hiyo, na petroli hufanya vivyo hivyo. Paka kwanza rangi ya maji mikono miwili, isiache hata tundu dogo, iache ikauke, ndipo upulize. Kwa nje ya kudumu, vika fuvu vipande vya kitambaa vilivyochovywa kwenye saruji kama nilivyoeleza hapo juu. Na ulifunge vizuri, foamu karibu yote ni hewa, upepo wa ziwa utalibeba. Ingawa hayo mashimo ya macho, mimi ningeyaacha.

SWALI: Mzee, nimepanga nyumba Mukono. Watoto wanataka makaburi matatu ya saruji mbele ya nyumba, na mzimu uliovikwa lubugo la zamani la babu, kile kitambaa cha gome. Saruji nitaiweza. Kuna tatizo lingine? (Baba wa watoto wanne)

JIBU: Lipo, ssebo. Lubugo hupondwa kutoka gome la mti wa mutuba, UNESCO ililitambua mwaka 2005, lakini jirani yako wa Kiganda hafikirii UNESCO akiliona. Anamkumbuka baba yake alivyofungwa ndani yake kwenda kuzikwa. Lirudishe sandukuni. Gunia litakupa mzimu mzuri zaidi, na lubugo lenyewe haliipendi mvua.

Makaburi ndiyo yananitisha. Buganda watu huzika kwenye ardhi ya familia, na ugomvi wa kibanja, yaani kipande cha ardhi, ukifika mbele ya wazee au mahakamani, makaburi huonyeshwa kama ushahidi kwamba ukoo ulikaa pale. Wewe ni mpangaji. Mwenye nyumba akirudi akute makaburi matatu ya saruji, tena yaliyokaa siku 28 yakawa magumu kama nilivyokufundisha mimi mwenyewe? Tengeneza boga. Watoto waking'ang'ania kaburi, liwe la mbao nyembamba lililopakwa rangi ya kijivu, liegemezwe ukutani barazani, lisiguse udongo, na uliingize ndani tarehe 1 Novemba asubuhi kabla mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, hajapita.